Niliambiwa bei ya data kwa megabaiti, nimetozwa kwa kilobaiti 100. Nikubali punguzo la nusu?

Nuru_ya_Jioni:

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo kabla sijaijibu kampuni yangu ya simu. Wamenipa muda mfupi wa kujibu, na nahofia nikiandika neno moja vibaya nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe.

Nilimsindikiza mama nje ya nchi kwa matibabu. Laini yangu ni ya kulipia bili mwisho wa mwezi. Namba hiyo ndiyo ndugu wote wanayoijua, na ndiyo benki inayonitumia meseji za kuthibitisha malipo, kwa hiyo kuizima haikuwezekana. Kabla ya kuondoka nilipiga huduma kwa wateja nikauliza: nikiwasha data ya romingi nikiwa kule, megabaiti moja ni kiasi gani? Mhudumu akanitajia bei. Nikamrudishia, "Kwa kila megabaiti moja, siyo?" Akasema ndiyo, kila megabaiti moja. Mimi napenda kitu kiwe kwenye maandishi, kwa hiyo jioni ile nikauliza tena kupitia programu yao, kwenye sehemu ya kuchati na wahudumu. Akajibu mhudumu mwingine, bei ileile, akaandika "kwa MB". Picha ya skrini ninayo, tarehe na saa vinaonekana.

Nikapiga hesabu. Ilikuwa ghali kuliko data ya nyumbani lakini inabebeka, ndiyo maana niliamua nisinunue laini ya kule. Wangeniambia bei ya kweli, ningenunua laini ya wenyeji palepale uwanja wa ndege na romingi nisingeiwasha kabisa, ningebakiza meseji za benki tu. Nyumba tuliyofikia ilikuwa na waifai, hivyo romingi niliitumia nje tu: ramani ya kunifikisha hospitali, meseji za sauti kwa wadogo zangu waliokuwa wanasubiri habari, na picha za majibu ya vipimo nilizomtumia daktari anayemtibu mama siku zote. Video sikugusa. Simu yenyewe inaonyesha data ya romingi haikufika megabaiti 300 kwa safari yote.

Bili imekuja karibu mara kumi na mbili ya hesabu yangu.

Nilipolalamika wakaniandikia kwamba tarakimu niliyotajiwa ni sahihi, ila ni kwa kila kilobaiti 100. Wanakiri kwenye barua pepe kwamba mhudumu "aliteleza katika kutaja kipimo". Hata hivyo wanasema bei inayotambulika ni ile ya kwenye tovuti. Ofa yao ni kupunguza nusu ya bili "kwa nia njema", kwa sharti niandike kwamba nimeridhika na suala limekwisha. Nisipokubali bili inabaki nzima, na tarehe ya malipo ikipita laini inafungwa.

Nusu ya bili hiyo bado ni mara sita ya nilichoambiwa. Inaniuma sana, na siyo fedha peke yake. Niliuliza kwa mdomo, nikauliza kwa maandishi, nikajibiwa na watu wao wawili tofauti. Mteja anatakiwa afanye nini zaidi ya hapo?

Nina maswali mawili. Nikubali hiyo nusu? Na kama tatizo ni kilobaiti 100 badala ya megabaiti, kwa nini bili ni mara kumi na mbili na siyo mara kumi?

Jabali:

Pole sana dada, na mama apone haraka.

Mimi ningechukua hiyo nusu leo leo. Mkataba wa laini uliousaini lazima una kifungu kinachosema bei ni zile zilizotangazwa, na zinatangazwa kwenye tovuti. Mhudumu wa simu hana mamlaka ya kubadilisha bei. Ukigoma, watafunga laini, benki itashindwa kukutumia zile meseji, deni litapelekwa kwa wakusanya madeni na jina lako litaingia kwenye orodha ya wasiolipa. Ukishafika huko hata ukishinda umeshachoka. Nusu ni fedha nyingi, ipokee uendelee kumuuguza mzazi.

Nuru_ya_Jioni:

Asante kaka kwa pole. Hofu ya laini kufungwa ndiyo hasa inayonifanya niulize hapa.

Lakini sikumwomba mhudumu abadilishe bei. Nilimwomba anisomee bei yao. Namba ya huduma kwa wateja wameiweka wao wenyewe, na ukipiga, kuuliza bei za romingi ni mojawapo ya mambo wanayokutajia kwenye orodha ya mwanzo. Kama jibu la pale halina uzito, wangesema tangu mwanzo kwamba tusiwaulize bei.

Karani_wa_Zamani:

Dada Nuru, usisaini chochote kwanza. Nilifanya kazi idara ya bili ya kampuni ya simu, nianze na hilo swali lako la pili kwa sababu lina faida kwako.

Ukiwa nje, mtandao unaokuhudumia ni wa wenyeji. Wao ndio wanaorekodi kila kikao chako cha data: kimeanza saa ngapi, kimebeba kiasi gani. Rekodi hizo zinafungwa kwenye mafaili ya utaratibu unaoitwa TAP, uliowekwa na GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, kisha zinapelekwa kwa kampuni yako ya nyumbani. Ndani ya faili kuna bei ya jumla, yaani ile ambayo mwenyeji anaidai kampuni yako. Bei unayotozwa wewe haimo mle. Hiyo inawekwa na mfumo wa bili wa nyumbani, kwa orodha ya bei waliyoipanga wenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia "mtandao wa kule ndio uliotutoza hivyo", mwombe akuandikie. Bei ya jumla na bei ya mteja ni vitu viwili, na kati yake ndimo faida ya kampuni ilimo. Wakikurudishia tofauti yote, wanachopoteza ni sehemu ya faida hiyo, na kama ni zaidi ya hapo basi ni gharama ya kosa la watu wao.

Sasa mara kumi na mbili. Mifumo mingi huhesabu megabaiti moja kuwa kilobaiti 1,024, kwa hiyo ina vipande vya kilobaiti 100 kumi na robo hivi. Hapo umeshavuka kumi. Kilichobaki kwa kawaida ni kukadiria kwenda juu. Anayetoza kwa kilobaiti 100 hulihesabu kila pande lililoanza kuwa limejaa. Simu ikigusa mtandao kuangalia kama kuna barua pepe, ikatumia kilobaiti 12, unalipia 100. Tena kikao kirefu hukatwa vipande wakati wa kurekodi, na kila kipande kinaweza kukadiriwa peke yake. Simu za siku hizi hugusa mtandao bila wewe kuishika: programu zinajisasisha, picha zinajihifadhi, hali ya hewa inajibadilisha. Jumla yake inaweza kuwa kubwa hivyo, lakini usikubali kwa kudhani. Omba rekodi za kila kikao zenye muda wa kuanza, kiasi cha data, na idadi ya vipande walivyokutoza. Ukijumlisha ukakuta hata kukadiria juu hakuelezi hiyo ziada, una dai la pili, tofauti na lile la mhudumu.

Usishtuke ukiona saa zisizolingana na kumbukumbu yako. Rekodi za romingi kwa kawaida hubeba saa za nchi ulikokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawalijui. Ili kuzuia wizi wa huduma, mitandao ina utaratibu wa kupelekeana taarifa za matumizi ya romingi ndani ya saa nne, bila kusubiri mafaili ya bili. Kwa hiyo kampuni yako haikukaa gizani hadi mwisho wa mwezi. Waulize: bili yangu ilipovuka kiwango changu cha kawaida, mlinitumia tahadhari? Lini? Kwa meseji gani?

La haraka kuliko yote ni simu uliyopiga. Simu za huduma kwa wateja hurekodiwa, na rekodi hazihifadhiwi milele. Andika leo, taja tarehe, saa na namba uliyopigia, uwaambie waihifadhi kwa sababu ina mgogoro. Usisubiri wajibu kuhusu fedha ndipo uombe. Nikiwa kazini niliona malalamiko ya haki yakifa kwa sababu moja tu, mteja aliomba rekodi wakati imeshafutwa.

Na usidhani ni wewe peke yako. Mwaka 2006 mteja wa Verizon, Marekani, aliuliza bei ya data kabla ya kuvuka kwenda Kanada. Akaambiwa senti 0.002 kwa kilobaiti. Alitumia kilobaiti 35,893 akaletewa bili ya dola 71.79, wakati kwa bei aliyotajiwa zilitakiwa senti 71.79, yaani hata dola moja haifiki. Kumbe bei yenyewe ilikuwa dola 0.002, na aliozungumza nao, msimamizi akiwemo, hawakuiona tofauti ya senti na dola. Alirekodi mazungumzo akayaweka hadharani, na mwishowe akarudishiwa fedha zake. Kwako ni kosa la aina hiyohiyo, kipimo kimepotea na tarakimu imebaki. Na wewe una maandishi yao.

Mizani:

Naungana na Karani. Kaka Jabali, hoja ya tovuti inasikika nzito lakini ina tundu kubwa, na sheria za nchi mbalimbali zimeliona. Uingereza wana Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015. Kifungu cha 50 kinasema kwamba jambo lolote analoambiwa au kuandikiwa mteja kuhusu huduma, na mteja akalizingatia katika kuamua, linahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Kinagusa hata maamuzi anayoyafanya mteja baada ya mkataba kuanza, ambayo ndiyo hali ya dada Nuru: laini alikuwa nayo, alichoamua ni kuitumia nje. Australia, kifungu cha 18 cha sheria yao ya watumiaji kinakataza mfanyabiashara kupotosha, na haijalishi kama alikusudia. Kuteleza kwa mhudumu hakuiokoi kampuni.

Dada, hujasema uko chini ya sheria ya nchi gani, na huna haja ya kusema hapa. Tafuta ya kwenu inayofanana na hizo, mara nyingi imo kwenye sheria ya ushindani au ya kumlinda mlaji, halafu itaje kwa kifungu. Kuna la kimataifa pia. Kanuni za Kimataifa za Mawasiliano zilizorekebishwa Dubai mwaka 2012, chini ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinazitaka nchi wanachama zihimize kampuni kuwapa watumiaji taarifa za bei za romingi bila malipo, kwa uwazi, kwa wakati, na zilizo sahihi. Si nchi zote zilizotia saini, na mteja hawezi kushtaki kwa kanuni hizo, lakini mdhibiti wa mawasiliano anazijua vizuri.

Umoja wa Ulaya wamekwenda mbali zaidi. Tangu Julai 2010 data ya romingi inakatwa yenyewe mteja akifika euro 50 bila kodi, labda awe amechagua kikomo kingine, na akifika asilimia 80 lazima aarifiwe. Kanuni yao ya 2012 ikaagiza data ihesabiwe kwa kilobaiti moja moja, kwa hiyo ule mtindo wa kulipia 100 kwa kutumia 12 haupo. Na tangu tarehe 15 Juni 2017 mtu akisafiri kutoka nchi moja ya umoja huo kwenda nyingine anatumia kwa bei ya nyumbani, kwa mipaka ya matumizi ya kawaida. Nayataja ili uone kwamba bili za ghafla za romingi zinazuilika, pale mdhibiti anapoamua zizuiwe.

Kuhusu rekodi ya simu: kama nchi yenu ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, sauti yako ni taarifa yako. Chini ya GDPR, sheria ya Ulaya ya aina hiyo, kampuni ina mwezi mmoja wa kukupa nakala, kwa kawaida bila malipo. Nchi nyingi zimeiga.

Sasa hiyo ofa. Ubaya wake ni yale maneno "suala limekwisha". Ukiyaandika, mdhibiti atakuuliza kwa nini umekuja kwake na jambo ulilokwisha kulimaliza. Usilikatae punguzo lenyewe. Waambie unalipokea kama sehemu ya marekebisho na kwamba dai la kilichobaki linaendelea. Wakisema ni yote au hakuna, basi wameandika wenyewe kwamba nia njema ilikuwa na masharti.

Hofu ya kaka Jabali kuhusu kufungiwa laini ni ya kweli na lazima ishughulikiwe. Lipa sehemu isiyo na ubishi kabla ya tarehe ya mwisho: ada ya mwezi, simu, meseji, na data kwa bei uliyotajiwa. Usigomee bili nzima. Anayelipa anachokubali na kueleza kwa maandishi anachopinga yuko tofauti sana na mdaiwa aliyenyamaza. Waombe wasifunge laini na wasipeleke kiasi kinachobishaniwa kwa wakusanya madeni hadi malalamiko yaamuliwe.

Karani_wa_Zamani:

Naongeza kidogo kwenye hilo la kulipa. Ukikokotoa sehemu yako, tumia megabaiti walizoziandika wao kwenye bili, hata kama simu yako inaonyesha pungufu. Kaunta ya simu na ya mtandao hazilingani sawasawa, na hutaki wahamishe mjadala kwenda huko. Ubishi ubaki kwenye bei peke yake.

Jabali:

Sawa, kwenye kulipa sehemu nimekubali, hiyo inaondoa hofu yangu kubwa. Bado nasema jiandae kwa safari ndefu.

Nuru_ya_Jioni:

Nawashukuru sana, na wewe kaka Jabali. Jana nilikuwa nimeshaandika nusu ya barua pepe ya kukubali. Nimeifuta. Hii hapa ndiyo niliyoandika mpya, naombeni mnirekebishe:

"Kwa idara ya malalamiko. Napinga sehemu ya data ya romingi katika bili yangu ya mwezi uliopita. Kabla ya kusafiri niliuliza bei kwa simu, na siku hiyohiyo kwa kuchati kwenye programu yenu. Katika mazungumzo yote mawili nilijibiwa kwamba bei niliyotajiwa ni kwa kila megabaiti. Picha ya mazungumzo ya maandishi nimeiambatisha. Barua pepe yenu inakiri kwamba kipimo nilichotajiwa hakikuwa sahihi. Kwa kutegemea majibu hayo niliamua kutumia laini yenu na nikaacha kununua laini ya wenyeji. Nisingefanya hivyo kwa bei mliyonitoza.

"Naomba bili irekebishwe kwa bei niliyotajiwa, kwa kiasi cha data mlichokirekodi wenyewe. Kiasi hicho, pamoja na ada nyingine zote za bili, nimekilipa na risiti nimeiambatisha. Punguzo mlilopendekeza nitalipokea kama sehemu ya marekebisho hayo, ila sikubali kwamba linamaliza suala hili.

"Naomba pia mnihifadhie na kunipa nakala ya rekodi ya simu niliyopiga tarehe na saa zilizotajwa hapa chini, rekodi za kila kikao cha data zikionyesha vipande mlivyotoza, na meseji yoyote ya tahadhari mliyonitumia nikiwa nje. Naomba laini isifungwe na kiasi kinachobishaniwa kisipelekwe kwa wakusanya madeni wakati malalamiko haya yanashughulikiwa. Natumaini mtanifikiria kwa kuwa nilikuwa namuuguza mama yangu."

Mizani:

Barua nzuri, iko wazi. Nina marekebisho mawili.

Sentensi ya mwisho iondoe. Naelewa ilikotoka, lakini inaligeuza dai lako kuwa ombi la huruma, na huruma wameshakupimia: nusu. Mahali pake weka tarehe unayotaka jibu la mwisho la maandishi, na useme ukikosa jibu, au likiwa la kukataa, utapeleka malalamiko kwa mdhibiti wa mawasiliano. Wadhibiti wengi hutaka kwanza uonyeshe kwamba ulilalamika kwa kampuni yenyewe, kwa hiyo jibu lao la kukataa nalo ni karatasi ya kutunza.

La pili, nukuu ile tarakimu na neno "kwa MB" ndani ya barua kama mhudumu alivyoandika, usiishie kuambatisha picha. Anayesoma malalamiko huenda asifungue kiambatisho.

Karani_wa_Zamani:

Na juu kabisa andika namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako ya kwanza. Bila hiyo watakufungulia jalada jipya, na ile barua pepe waliyokiri kosa itabaki kwenye jalada la zamani ambalo mshughulikiaji mpya hataliona.

Nuru_ya_Jioni:

Nimeondoa ile sentensi, nimenukuu, nimeweka namba na tarehe. Nimetuma kwa barua pepe na nakala kwenye programu yao. Barua ya kuhifadhi rekodi ya simu niliituma asubuhi peke yake bila kusubiri hii, na wameshajibu kwamba wameipokea. Wakileta jibu nitaliweka hapa neno kwa neno, pamoja na rekodi za vikao, ili Karani anisaidie kujumlisha.